Tumbo la Paka wa Jirani

Kila asubuhi, jirani yangu wa Mkunazini hukaa barazani akipapasa tumbo la paka wake kwa vidole vinavyonuka utumbo wa samaki anaomlisha mbichi. "Mnaona? Kwangu hakuna anayelala na njaa," huwaambia wapita njia. Tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma, mgongo umebaki mifupa. Wiki iliyopita alikuta punje nyeupe kama za wali zikijikunja juu ya msala wake wa kusalia. "Minyoo hiyo, Bibi," nikamwambia. Alimtia paka kapuni, akamfunika kanga, akapita vichochoroni hadi kwa daktari wa mifugo. Dawa aliificha ndani ya kipande cha jodari. Leo tumbo limenywea, paka anarukia kuta. Bibi ameshika tama. "Sasa watu watasema simlishi."