Kuni za Nyumbani

Siku ya arobaini ya baba, hitima ilipokwisha kusomwa na sinia za wali zikaondolewa, baba mdogo alitugawa. Hakutugawa kwa ubaya. Alikaa mkekani, kofia gotini, akatuhesabu kwa vidole kama mtu anayepanga mzigo kwenye lori. Wadogo zangu wawili wa kiume, mmoja wa miaka saba na mwingine wa minne, wangekwenda kwa shangazi Lindi. Mdogo wangu wa kike anayenifuata angekwenda kwake Kiwira, akamsaidie mkewe dukani. Mimi ningeolewa.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Shule niliiacha darasa la sita, mama alipofariki akimzaa huyo wa mwisho, kwa sababu mtoto alihitaji mgongo wa kubebwa na mgongo uliokuwepo ulikuwa wangu.

"Tanuri lipo, baba mdogo," nilisema.

"Tanuri la nani? Aliyelijua amelala chini ya udongo."

"Nalijua mimi. Tangu nitoke shule nimekaa mbele yake."

Baba mdogo aliirudisha kofia kichwani. "Mwaka mmoja," akasema. "Likiwalisha, sitawagusa. Lisipowalisha, mwanangu, usinililie."

Tanuri lilikuwa nyuma ya nyumba yetu Ibighi, Tukuyu, la matofali na udongo. Baba alioka humo mikate midogo ambayo watu wa sokoni na wa hoteli za chai walikuwa wakiijua kwa harufu kabla hawajaiona. Nyuma yake ardhi inateremka hadi kwenye kijito, na mteremko wote ulikuwa mikaratusi aliyoipanda mwenyewe kabla ya Uhuru, alipopata kile kiwanja. Tukuyu mvua haikuachi ukajipanga. Kuni zilitaka kukatwa mapema na kukaa upenuni majuma mengi, la sivyo tanuri linatoa moshi na mkate unatoka mweupe kama mgonjwa. Tulikata wenyewe, mimi na mdogo wangu wa kike, kwa msumeno wa baba, kila mmoja akishika upande wake.

Nilimtoa shule darasa la tano. Nilimwambia ni mwaka mmoja tu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, mikono yenye nguvu, na unga wa ngano ulimtii kuliko ulivyonitii mimi. Alikanda, mimi nikachoma, kisha tukabeba mabeseni kwenda sokoni.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio. Bei ya mkate ilipangwa na serikali na hatukuweza kuongeza hata senti tano. Fundi baiskeli aliyekaa njia panda alitupigia kelele kila asubuhi: "Mabepari wadogo hao! Wanyonyaji wa ngano!" Mdogo wangu alimjibu, "Bepari gani anatembea peku, kaka?" Na mama mmoja muuza ndizi, Kiswahili chake kikiwa bado kina milima ya Kinyakyusa ndani, aliugeuza mkate mkononi: "Mkate wenu huu, ngumi ya mtoto."

"Kula miwili, mama, upate ngumi mbili," mdogo wangu alisema.

"Ndaga, asante, nipe miwili basi." Akacheka, akanunua.

Kila mchomo mmoja wa tanuri ulitoa mikate sitini. Kwa senti hamsini mkate, tulipata shilingi thelathini. Unga, sukari, mafuta, hamira na chumvi vilichukua shilingi ishirini. Zilibaki kumi. Niliyaandika hayo kwenye daftari, mchomo kwa mchomo, na kila nilipofika kwenye ile kumi mkono wangu ulitulia. Kumi hiyo ndiyo iliyotuweka wote wanne mezani, nikijihesabu na mimi.

Mwaka ulipotimia baba mdogo alikuja. Alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka na mstari, kwa kuwa naye ni mfanyabiashara.

"Na kuni?"

"Za nyumbani, baba mdogo."

"Aa." Akafunga daftari. "Cha nyumbani hakina bei." Alicheka, akanishika kichwani. "Ndugu yangu aliacha mwanamume ndani ya gauni."

Cha nyumbani hakina bei: ndivyo tulivyolelewa kusema, sote. Ndizi ya shambani hailipiwi, maziwa ya ng'ombe wako hayalipiwi, mkono wa nduguyo haulipiwi. Aliondoka bila mtoto hata mmoja. Siku hiyo tulikula nyama.

Mwaka wa pili matumizi yalipanda. Wa kiume mkubwa alikuwa shuleni, mdogo alikua na kuacha kila nguo nyuma. Nikaona dawa ni kuchoma mara mbili kwa siku. Kama mchomo mmoja unaacha kumi, miwili itaacha ishirini. Hesabu ya mtoto. Fedha kweli ziliongezeka mkononi. Mdogo wangu alianza kukanda kabla ya alfajiri na mabega yake yakaanza kumuuma. Alipoinuka kutoka kwenye beseni alishika kiuno kama mtu mzima.

Kisomo cha watu wazima kilifanyika alasiri, katika darasa lile lile ambamo watoto walikuwa wametoka. Mimi sikuwa mjinga wa kusoma, lakini nilikwenda kwa ajili ya hesabu. Siku moja mwalimu alikuwa akifundisha hesabu za duka la kijiji, akaomba mfano wa biashara ya mtu. Nilinyoosha mkono kwa majivuno, siwezi kuficha. Nikamtajia thelathini, ishirini na kumi. Aliandika ubaoni.

"Kuni?" akauliza.

"Za nyumbani, mwalimu."

Darasa zima liliitikia kwa kichwa. Mzee mmoja akasema, "Hizo hazinunuliwi."

"Ukiamka kesho ukazipeleka sokoni badala ya tanurini, kuni za mchomo mmoja watakupa kiasi gani?"

Nilijua bei. "Shilingi saba."

"Basi umechoma shilingi saba." Akaandika. "Anayekanda ni nani?"

"Mdogo wangu."

"Ukimwajiri kijana wa jirani afanye kazi hiyo hiyo?"

"Nne, kwa mchomo."

Akaandika nne. "Na wewe?"

"Mimi si ndiye mwenye tanuri?"

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. "Haya, wewe tukuache," alisema. "Ishirini na saba na nne ni thelathini na moja. Mauzo thelathini. Tumekuacha nje, dada yangu, na bado shilingi moja haipo."

"Sasa tunakula nini, mwalimu?" Niliuliza kweli, sikuwa nikibisha. "Maana tunakula."

Alifuta vumbi la chaki vidoleni. "Kinacholiwa kipo nyumbani kwako," akasema. "Nenda ukakitazame."

Sikungoja kipindi kiishe. Niliteremka nyuma ya tanuri nikahesabu visiki, kimoja kimoja, nikivigusa kwa mguu. Vilikuwa sitini na viwili. Miti iliyosimama ilikuwa kumi na mmoja. Visiki vilikuwa vimechipua, ndiyo, mkaratusi haufi kirahisi, lakini machipukizi yalikuwa membamba kama fimbo za kuchungia mbuzi. Kabla hayajawa kuni, wadogo zangu wangekuwa watu wazima. Na nilikuwa nimezidisha michomo mara mbili, kwa hiyo nilikuwa nimekimbia mara mbili kuelekea mwisho ule, nikijisifu kwa mwendo.

Mdogo wangu alikuwa anakanda. Nilimweleza yote, nikamfungulia daftari. Alipangusa mkono kwenye kanga lakini unga ulibaki kwenye kidole gumba, na ukaacha alama kila alipofungua ukurasa.

"Mimi umeniandika wapi, dada?"

Akafungua kurasa nyingine.

"Hamira umeiandika," akasema. "Chumvi umeiandika."

Hakulia. Alirudisha mikono kwenye unga, maana unga uliokwisha tiwa hamira haumngoji mtu.

Miti kumi na mmoja ingetosha bado miezi mitatu, labda minne. Hakuna aliyejua isipokuwa sisi wawili na mwalimu. Ningeweza kukaa kimya hadi mti wa mwisho, na hiyo miezi wadogo zangu wangelala bado katika chumba kimoja. Lakini Januari ilikuwa karibu. Mdogo wangu alikwisha timiza kumi na mitano. Akipoteza mwaka mwingine, hakuna mwalimu mkuu ambaye angempokea, na yeye mwenyewe angeona haya kukaa na watoto. Miezi minne ya kuwa pamoja ingelipwa na yeye tena. Nilimtazama akikanda hadi giza lilipoingia, kisha nikamwambia tusiwashe tanuri kesho.

Nilikwenda Kiwira kwa lori la viazi. Baba mdogo alikuwa kwenye kaunta, akipima sukari.

"Shikamoo, baba mdogo. Nimekuja kukuambia tanuri halilishi."

"Marahaba. Halilishi tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Nilimweleza. Aliacha mizani ikining'inia. "Daftari hilo hilo nililisoma mimi," akasema. "Miaka kumi na sita niko dukani. Kibiriti kikipungua njiti najua. Nikasoma, nikacheka." Akaketi juu ya gunia. "Nilitaka liwe kweli, mwanangu. Ningewaweka wapi nyote?"

"Huyu wa kike utamchukua?"

"Nitamchukua."

"Si dukani. Shule."

"Shule," aliitikia, bila kubishana.

Mdogo wangu alirudi darasa la tano, akamaliza la saba akiwa anawapita wenzake kwa kichwa kizima. Mimi nilipata kazi ya kuchuma chai, na mshahara ule ulimtosha mtu mmoja. Wavulana wawili walikwenda Lindi na mtu wa shangazi aliyekuja kuwachukua. Niliwafungia mikate ya mchomo wa mwisho ndani ya kitambaa. Mkubwa alijua. Mdogo, wa miaka sita, alikuwa na furaha ya safari na alitaka tu kujua kama huko kuna mvua.

Miaka kumi na mitatu baadaye nilikuwa napepeta mchele ndani nikasikia mtu mlangoni. Alikuwa kijana mrefu, sauti ya pwani, begi begani. Mlango ulikuwa wazi, kama ulivyokuwa wazi siku zote mchana, na ndani ya chumba kile ndimo nilimombeba mgongoni tangu siku ya saba. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, akavua viatu, akasema hodi.

Alisema mara tatu, kwa adabu, kama alivyofundishwa kufanya kwa watu. Nami nikamjibu karibu, kwa sababu hakuna jibu jingine la hodi, nikamtolea kiti.