Pensheni ya Zambia na Haya ya Mkwe

Mwanangu, weka hiyo simu chini kidogo. Kuna siku moja naikumbuka kila tukifika kwenye mambo haya ya kodi. Nilikuwa mkwe mgeni hapa kijijini Chala, bado nasalimia wakubwa kwa kupiga magoti na makofi.

Babu yako, baba mkwe wangu, alikuwa na mashine ya kusaga, ndiyo hii hii. Ujana wake aliumalizia kwenye machimbo ya shaba Zambia, na pensheni yake ilikuwa inatoka huko. Ikiingia, Chala nzima inajua, maana siku hiyo anavaa koti lake la mgodini hata jua likiwaka, anakwenda kununua nyama. Mimi tu ndiye nilitakiwa nijifanye sijui. Mkwe amuulize baba mkwe ana nini mfukoni? Ningeanzia wapi?

Mwaka huo baba yako naye alikuwa huko huko Zambia kikazi, basi ritani ya kodi ya mzee, ile fomu ya kutaja mapato ya mwaka, ikaniangukia mimi. Nikaandika mapato ya mashine, nikaandika dizeli, vizuri kabisa. Nilipofika kwenye mapato ya nje ya nchi, haya zikanishika, nikapaacha wazi. Nikampelekea mzee aweke sahihi.

Akasoma taratibu, kisha akauliza pensheni iko wapi. Nikatazama sakafu. Nilidhani amekasirika, kumbe amehuzunika.

"Mkwe wangu," akasema, "mashine hii nataka kukuachia wewe. Nikificha kitu, nitakuachia na kesi yake. Heshima ya kuniacha nidanganye, hiyo siitaki. Niulize."

Nikamuuliza analipwa kiasi gani. Akanijibu yote bila kununa, mwishowe akacheka mwenyewe.

Kesho yake tukaenda Sumbawanga, na baridi ile unayoijua. Afisa wa kodi akatueleza kwamba mtu anayeishi hapa hutaja na kinachomjia kutoka nje. Akaomba karatasi ya kodi iliyokwishakatwa Zambia, ili mzee asikatwe mara mbili. Mzee akaitoa kwenye koti. Akalipa kilichobaki, akaninunulia kitenge sokoni, tukarudi anapiga mluzi njia nzima. Nilifurahi mno, maana tangu siku hiyo nilikuwa mtoto wa nyumba ile.

Alipofariki hakuja mtu kugonga mlango kuidai mashine hii. Nimeiendesha kwa amani, na ndiyo iliyokusomesha wewe.

Sasa leo nimekuona. Unanijazia ritani yangu kwenye simu, umejaza mapato ya mashine haraka haraka, ukafika kwenye pensheni ya marehemu baba yako ninayopokea kutoka Zambia, ukairuka, ukajikoholesha. Unamwonea haya mama yako mzazi!

Sikiliza, mwanangu. Kila kinachoingia kitaje, hata kama kimevuka mpaka. Karatasi ya kilichokatwa kule itunze vizuri. Na mtu unayemjazia ritani muulize, awe mkubwa namna gani. Kumuuliza ndiyo kumtunza. Usipojua, ofisi ya kodi ipo, nenda kaulize na huko.

Mungu akubarikie kazi ya mikono yako, akupe usingizi mtamu, na mashine hii ikikufikia iwe safi kama nilivyoipokea.

Haya, shika simu yako. Niulize.