Dua ya Nje ya Choo

Mwanangu, siku niliyomcheka mtu akimshukuru Mungu naikumbuka hadi leo, na kila ikinijia nainamisha uso. Nilikuwa nimeoa karibuni, nina nguvu kama dume la ng'ombe. Akili, basi, ilikuwa bado njiani.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Tulikuwa tunachimba visima vijijini, huku kwetu Shinyanga, mahali ambapo kiangazi mama zetu walifukua mchanga wa mto kutafuta maji. Fundi wetu mkuu alikuwa Myahudi, mtu mzima mwenye ndevu za mvi na kikofia kidogo utosini. Tulimwita Mzee Benyamini. Kiswahili alikijua, na asubuhi alikuwahi kwa "Mwangaluka", salamu yetu Wasukuma, kabla hujafungua kinywa umpe shikamoo.

Mtu yule alikuwa na neno la shukrani kwa kila jambo. Akivunja mkate, anamhimidi Mungu. Akitafuna michembe, vile viazi vyetu vikavu, ana dua nyingine. Radi ikipiga, sisi tunakimbilia chini ya turubai, yeye anamtukuza Muumba wake. Hayo tuliyazoea, maana nasi Wakatoliki tulibariki chakula. Lakini moja lilinishinda. Akitoka chooni ananawa mikono, anasimama pembeni, anafumba macho, midomo inatembea. Choo cha shimo, mwanangu!

Basi mchana mmoja, tukiwa tunakula, nikasimama mbele ya wenzangu, nikafumba macho, nikamwiga: "Ahsante Mungu kwa haja kubwa!" Wakacheka mpaka ugali ukawapalia. Kisha vicheko vikakatika ghafla. Nilipogeuka, Mzee Benyamini alikuwa nyuma yangu, ameshika birika la kunawia.

Hakukasirika. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo.

"Shija," akasema, "wewe humshukuru Mungu kwa lipi?"

"Nikipata ng'ombe, mzee. Mvua ikinyesha."

"Vizuri. Mimi namwambia hivi: umeniumba na matundu na mishipa, na kimoja kikiziba siwezi kusimama mbele yako. Leo hakijaziba. Nisiseme ahsante?"

Nilirudi kwenye ugali wangu, ila moyoni niliendelea kucheka. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mwezi haukuisha. Jumamosi moja asubuhi mke wangu alikuja kambini mbio: baba yangu hajapata mkojo tangu jana. Nilikimbia nyumbani, nikamkuta tumbo limevimba, gumu kama ngoma. Baba yangu, Mzee Masanja, aliyewahi kupambana na fisi zizini peke yake, alikuwa analia kama mtoto.

Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, na gari lilikuwa moja tu, landrova ya kazi, na mwenye kuiendesha ni Mzee Benyamini. Jumamosi ndiyo Sabato yake. Siku hiyo hawashi moto, hagusi usukani. Nilirudi kambini, nikasimama nje ya hema lake, mimi niliyemfanya kichekesho.

"Shikamoo mzee. Najua leo ni siku yako..."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Baba anakufa. Mkojo umeziba."

Alikuwa ameshashika ufunguo. "Uhai wa mtu unaitangulia Sabato. Panda!"

Njia nzima baba alipiga yowe kila tulipopita kwenye shimo. Mzee Benyamini hakunikumbusha maneno yangu, wala hakunitazama kwa jicho la kunisuta. Tulipofika, mganga alimwekea baba mpira wa mkojo, nikasikia maji yakitiririka kwenye beseni. Sijasikia sauti tamu kama ile tangu nizaliwe. Baba alifumba macho akasema kwa Kisukuma, "Wabeja, Mulungu. Wabeja." Ahsante, Mungu. Ahsante.

Nilitoka nje nikamkuta Mzee Benyamini amekaa chini, kwenye kivuli cha ukuta. Hatari ilikuwa imepita, na kwake Sabato ilikuwa bado. Hakuligusa tena gari mpaka jua lilipozama.

"Nisamehe, mzee," nikamwambia. "Nifundishe yale maneno."

"Yangu ni ya Kiebrania," akajibu, akitabasamu. "Mungu anajua Kiswahili pia. Mwambie tu."

Nilimwambia palepale, nimesimama juani. Baba alipasuliwa baadaye, akapona, akaishi kuwapa majina wajukuu watatu.

Mwanangu, siku hizi mnakwenda Geita na Bulyanhulu kufukua dhahabu, na mnangoja muipate ndipo mshukuru. Asiyeshukuru kwa kidogo, hata kwa kikubwa hatashukuru. Umeamka, umefumbua macho ukaona, chakula kimeingia na kimetoka bila maumivu: sema ahsante, hapo hapo, usiweke akiba. Na ukimkuta mtu anamshukuru Mungu kwa jambo usilolielewa, muulize kwa adabu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kucheka, kama nilivyofanya mimi.

Mungu akujalie afya usiyoihisi kwa kuwa haikuumi, na moyo wa kuitambua. Akupe maji kisimani, watoto nyumbani, na kinywa chepesi kwa shukrani. Nenda kwa amani, mwanangu.