Nyumba Nzima Ilikwenda Kuvua

Petroli iliyochanganyika na liwa: hiyo ndiyo harufu ya hofu yangu. Najua si harufu ya kujivunia. Wenzangu wa chuo kikuu wakiulizwa juu ya utoto wao hutaja mvua ya kwanza, mikate ya bibi zao na maua ya langilangi, nami huitikia kwa kichwa kama mtu mwenye kumbukumbu za heshima. Lakini nikisimama kwenye kituo cha mafuta hapa Moroni, na mwanamke aliyejipaka liwa ya sandali usoni akapita karibu na gari langu, mimi, mtu mzima mwenye miwani na shahada mbili, hujishika mlangoni nikisingizia shinikizo la damu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi ung'ongo wangu unauzwa kwa lita.

Wakati huo meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaota. Mamluki walikuwa wameingia nchini miaka michache nyuma, na sisi watoto tulikuwa tumewazoea kama mtu anavyomzoea mbwa mkali wa jirani: unajua kamba yake inafika wapi, na huukanyagi mwisho wake. Magari yao yakipita, watu wazima walianza ghafla kuzungumza juu ya mvua, hata kama mvua haikunyesha tangu mwezi uliopita. Baba yangu alikaa kwenye ubao wa simu pale Moroni, akichomeka waya ili watu wetu wazungumze na Marseille na Majunga. Kazi ile ilimtaka mtu asiye na masikio, na Baba, kwa bahati mbaya, alikuwa nayo mawili mazima. Siku chache kabla ya likizo alimwunganishia simu mmoja wa wale mamluki wa kizungu, akachelewa kuchomoa waya wake, na yule wa upande wa pili akauliza ni nani mwingine yumo kwenye laini. Hayo alimnong'oneza Mama nyuma ya pazia, nami nilikuwa upande wa pili wa pazia hilo, maana masikio tumerithiana. Alichokisikia hakukisema. Tangu siku hiyo Mama aliacha kuimba akiosha vyombo. Sote tulimjua mwenzake Baba wa zamu, aliyewahi kualikwa kahawa na watu hao. Alirudi baada ya Ramadhani akiwa hana meno ya mbele, kama mimi, ila yake hayakuwa na nia ya kuota.

Kila Agosti tulivuka kwenda Mutsamudu, kisiwani Nzuani, nyumbani kwa Koko, ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Nyumba yake ilikuwa ndani ya mji wa kale, kwenye kichochoro chembamba kiasi kwamba watu wawili wenye ugomvi walilazimika kupatana ili wapishane. Niseme hapa, kwa wasiotujua, kwamba kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume huingia na sanduku lake, naye hata akizeeka humo hubaki mgeni anayependwa. Tulikuwa tumeketi tukichambua karafuu za Koko, vidole vyetu vinanuka kama dawa ya meno, mlango ulipotiwa giza na mtu mrefu aliyejikunja kuingia. Alikuwa Kapteni, mmoja wa mamluki wale. Tulimwita hivyo wote, maana jina lake la kizungu hatukulijua na lile la Kiislamu, alilojipa aliposilimu ili aoe Moroni, hakuna aliyethubutu kulitamka bila kucheka. Alizungumza Kingazija cha Moroni alichofundishwa na mkewe, kwa hiyo pale Nzuani alichekesha mara mbili. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Aliketi, akanywa chai ya Koko, akasifu sukari yake, kisha akamwambia Baba kwamba Jumapili ana mashua bandarini na angependa waende mbali, kule maji yanapokuwa meusi, wakavue samaki wakubwa. Wao wawili, wazungumze.

Alipotoka, Koko alikitazama kikombe alichokinywea kama mtu anayetazama jeraha. Tatizo la kwanza lilikuwa uvuvi wenyewe. Watu wa Mutsamudu walijua kuvua; walivua kwa sababu ya chungu kilichokuwa kinasubiri. Lakini wazungu hawa walikwenda mbali kutafuta samaki wasiyemla, wakajifunga kwenye viti, wakapigana naye nusu siku, na pengine wakamwachia aende zake. Koko alisema mtu anayevua bila njaa anatafuta kitu kingine. Mjomba, kaka yake Mama, akashauri Baba apande kwenda Patsy kwa jamaa zetu akae huko milimani mpaka mambo yapoe. Baba mwenyewe alisema ni uvuvi tu, akalirudia neno hilo mara nyingi kuliko linavyohitaji. Mama aliendelea kutenga vikonyo vya karafuu upande mmoja.

"Akikimbia, amekiri," alisema hatimaye. "Na akienda peke yake, harudi. Tutakwenda sote."

Mjomba akamwambia hakualikwa. Mama akamjibu kwamba mwaliko uliotamkwa ndani ya nyumba, kinywa kikiwa bado na chai ya nyumba hiyo, umeialika nyumba nzima, na kwamba hiyo ndiyo mila yetu, na Kapteni kama ni Mwislamu na mkwe wa watu wa Moroni basi anaijua. Baadaye maishani nimesoma karibu kila kilichoandikwa juu ya mila za visiwa vyetu; nimepewa hata kipaza sauti nizieleze mbele ya wageni. Mila hiyo sijaikuta popote. Nadhani Mama aliitunga pale pale, juu ya karafuu.

Jumapili asubuhi tuliteremka bandarini kama watu wanaokwenda arusini. Mama na Koko walijifunga shiromani zao nyekundu za sherehe, nyuso zikiwa za manjano kwa liwa, dhahabu yote ya ukoo imetoka sandukuni. Mimi nilivikwa gauni la Idi. Mdogo wangu anayenyonya alikuwa mgongoni kwa Mama, na Baba, katika kanzu yake nyeupe, alibeba sufuria ya pilau kama mtu aliyebeba hukumu yake mwenyewe. Koko hakuwa na haraka. Alimsalimu kila mchukuzi wa bandari kwa jina na kwa jina la mama yake, akimweleza kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye meli kwamba tunakwenda kuvua na Kapteni na tutarudi alasiri, Mungu akipenda na Kapteni akipenda. Wachukuzi wakaacha mizigo wakasimama kutazama. Penye wengi hapaharibiki neno, alininong'oneza Koko, akinibana mkono mpaka ukafa ganzi.

Kapteni alisimama ndani ya mashua yake nyeupe, fito za kuvulia zimesimama nyuma yake kama pembe. Alituangalia mmoja mmoja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungua bahasha akakuta ndani kuku hai.

"Mashua ndogo," alisema.

"Na sisi ni wadogo, mwanangu," alijibu Koko, na mguu wake ulikuwa umeshaingia.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa saa zile, na mimi ni mtu mwenye uzoefu. Mashine ilinguruma, moshi wa petroli ukaturudia usoni, ngome ya Mutsamudu ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. Niliona chini ya benchi mnyororo mzito, gunia tupu na rungu fupi lenye madoa meusi. Leo najua mnyororo ulikuwa wa nanga, gunia la samaki na rungu la kumtuliza samaki huyo. Siku hiyo nilivigawa vitu vile vitatu kwa watu wa familia yangu kwa mpangilio wa umri. Maji yalipokuwa meusi kweli, Kapteni alimketisha Baba kwenye kile kiti cha nyuma, akamfunga mkanda kiunoni, akaukaza. Mlio wa ile bizimu ya chuma ninao hadi leo. Mama akainuka bila neno, akamtoa mtoto mgongoni na kumweka mapajani mwa Baba, juu ya mkanda, kisha akaketi sakafuni na kuegemea mguu wa kiti. Koko alikuwa katika Yasini, midomo inakwenda, jicho moja liko kwa Kapteni.

Ndipo mshipi wa kuvulia ukalia. Mbali nyuma yetu nduaro aliruka kutoka majini, mdomo wake kama upanga, pezi la mgongo limetandazwa, buluu ambayo sijaiona tena mahali popote. Mama alimnyakua mtoto. Baba, mtu wa kuchomeka waya, alivuta na kulegeza, akavuta na kulegeza, kanzu imemganda mwilini, na kwa muda nilisahau kwamba tumekuja kufa. Samaki alipofikishwa ubavuni mwa mashua, akipiga mkia hata sote tukalowa, Kapteni aliingiza mkono kwenye mkoba wake akatoa bastola.

Mama alikwisha simama. Sikuona alivyosimama. Alikuwa kati ya bastola na kiti, mkono mmoja una mtoto, mwingine umeshika kifuniko cha sufuria.

"Kapteni," alisema, sauti yake ya kila siku, ile ya kuniitia nikaoge, "chakula kinapoa."

Kapteni alimtazama Mama, akaitazama bastola, akamtazama samaki. Mpaka leo sijui kama alitaka kumpiga nduaro, jambo ambalo wavuvi wa aina yake hulifanya, au kama hata yeye hakuwa amekata shauri. Aliirudisha mkobani taratibu. Akaukata mshipi kwa kisu, na ule upanga wa buluu ukazama. Kisha akamfungua Baba mkanda, akanawa mikono kwa maji ya bahari, akaketi nasi kuizunguka sinia moja, goti lake likigusa goti la Baba. Koko alimchagulia minofu na kumsogezea upande wake, kama anavyotunzwa mkwe. Alikula sana. Hakuna aliyezungumza juu ya simu, wala Marseille, wala waya. Tuliporudi bandarini wachukuzi walikuwa bado wapo, wamejifanya wana kazi. Kapteni alimpa Baba mkono amsaidie kupanda ngazi, hakuuachia mara moja, akamwambia kwa Kifaransa, polepole, nami nilikuwa nyuma yake: "Nilikuwa na mengi ya kuzungumza nawe. Sasa nimeshiba."

Baba aliishi. Aliwaona wale watu wakiondoka na ndege yao, akastaafu, akafa kitandani mzee mwenye kulalamikia chumvi, na alichokisikia kwenye laini akaenda nacho. Nilimwuliza mara moja, nikiwa nimerudi kutoka chuoni na kiburi changu chote. Alinijibu kwamba watu saba walikula ili wasahau jambo lile, tena walikula pilau ya sherehe. Hana haki ya kulikumbuka peke yake. Tulikuwa watu sita. Sijui alimhesabu nani mwingine, labda nduaro.

Siku hizi uvuvi ule umekuwa starehe ya kawaida. Wageni hulipia, hupiga picha na samaki, humwachia, huondoka wamebabuka ngozi na wana furaha. Mwezi uliopita mwanangu, ambaye ni mhandisi, alialikwa na wageni wa kazini kwake kwenda kuvua mbali na pwani. Alinionyesha mashua kwenye simu: nyeupe, ina kiti chenye mkanda. Nikamwuliza, "Na sisi?" Alicheka mpaka akafuta machozi. Hakujua kwamba kucheka kule, kwa mdomo wazi, bila kuangalia mlangoni kwanza, ndicho kitu pekee tulichokwenda kukivua siku ile.

Asubuhi ya kwenda kuvua alitoka chumbani akanikuta nimeketi kizingitini, shiromani ya Koko kiunoni, liwa usoni, sufuria mapajani.

"Mama," alisema, "mashua ni ndogo."

Nikamwambia na mimi ni mdogo, nikavaa viatu.