Kaseti ya Wanaume Wanne wa Kofia Pana

Enzi zetu kule Mwese, wimbo haukurukwa. Kaseti ilianza upande A mpaka mwisho, ukageuza, na kama wimbo wa nne huupendi uliuvumilia tu, kama unavyomvumilia shangazi anayekaa sana. Kurudisha nyuma kwa redio kulimaliza betri, kwa hiyo tuliizungusha kwa peni. Betri zenyewe tulizianika juani pamoja na muhogo, zipate nguvu za jioni.

Kaseti yetu ilikuwa moja tu. Baba aliinunua Mpanda mjini siku aliyopeleka maharage: albamu ya muziki wa kantri, na kwenye picha ya kasha Wazungu wanne wenye kofia pana wameegemea uzio. Kiingereza hatukukijua, lakini yule wa besi, mwenye ndevu, tulimwita Mjomba, na alipoingia na sauti yake ya chini tulihisi benchi linatetemeka. Jamani, wale watu walijua kuimba. Walianza pamoja, wakapumua pamoja, na hakuna aliyemfunika mwenzake. Mpaka leo sijasikia mfano wao.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu. Aliposikia sauti nne hakuuliza. Akajua hizo ni nyimbo za injili. Nani mwingine angehangaika kupanga sauti namna ile? Akachukua wimbo wa tatu, akautilia maneno ya zaburi kwa Kiswahili, akagawa sauti. Mimi nikawa sauti ya pili pamoja na mama, besi akaishika mwenyewe. Tuliuimba wakati wa sadaka, na watu wa vijiji vya jirani wakawa wanakuja kwa miguu kutusikia.

Kisha akaja mwinjilisti mgeni aliyejua Kiingereza. Baada ya ibada, akila ugali nyumbani kwetu, baba alimwekea ule wimbo wa tatu kwa fahari. Mgeni alicheka mpaka akaweka tonge chini.

"Mwalimu, huyu analia mke kamwacha. Sasa hivi yuko baa anakunywa."

Baba hakumaliza chakula. Alisema kwaya anaiacha, na kaseti anaitia motoni. Aliitoa kwenye redio, akaelekea jikoni. Sisi watoto tukaanza kulia. Mama akasimama mlangoni.

"Baba Neema, nyie mnasikia pombe. Mimi nasikia watu wanne hawagombani. Kabla ya hiyo kaseti, kwaya yako iligombana kila Jumapili. Haya, ichome, halafu uwapatanishe wewe."

Mgeni akainamia sahani yake. Baba akairudisha kaseti kwenye kasha lake. Jumapili iliyofuata wimbo wa tatu ukaimbwa kama kawaida, na mgeni alikuwa benchi la mbele anapiga makofi.

Siku hizi mwanangu ana nyimbo maelfu kwenye simu. Anasikiliza nusu, anaruka, masikio kayaziba, ukimwita kula mpaka chakula kinapoa. Nilimwomba aimbe sauti ya kwanza, mimi niishike ya pili, akanijibu, "Mama, si uweke tu spika." Nilicheka, lakini iliniuma. Baba na mama wametangulia. Juzi nikiosha vyombo nilijikuta nimeuanza ule wimbo, sauti yangu ya pili peke yake. Nilipofika pale besi inapoingia nikanyamaza, kama nilivyozoea, nikampisha baba.