Kamera Kubwa na Blanketi la Bibi Subilaga

Naona aibu kusema, lakini acha niseme, maana wengi wenu mmeshaisikia nusunusu kutoka kwa watu ambao hata hawakuwepo, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (kuna mmoja hapa mjini kwetu Mpemba anasema kanisa zima lilikimbia, si kweli, waliokimbia ni mzee mmoja na mimi). Ni ile siku niliyomfuta bibi wa watu mbele ya waumini wote, na yeye mwenyewe amekaa benchi la mbele anajitafuta.

Mnanijua, mimi ni Lugano, nina chumba changu cha kazi nyuma ya duka la mabati, napiga video za harusi na kipaimara, watu wananiita Produsa na mimi naitika bila aibu. Kwetu ni Ibaba, kule juu Ileje, na mama yangu anaimba kwaya ya akina mama tangu sijazaliwa. Aliyeianzisha hiyo kwaya ni jirani yetu, Bibi Subilaga, mwanamke mwenye sauti ambayo nilipokuwa mdogo nilidhani inatoka chini ya ardhi, maana ukiwa umelala kwenye mkeka akaimba kwake, unaisikia mgongoni. Sasa mwaka huu kifua kikambana. Akawa anaimba ubeti mmoja, anapumzika, na mwenyewe akawaambia wenzake kwamba sikukuu ya mavuno ndiyo ya mwisho kwake kuimba, ila ana ombi moja: miaka yote hiyo hajawahi kujiona akiimba. Na ule wimbo wake wa kupaa juu ya mawingu, anataka ajione yuko juu ya mawingu kweli.

"Nijione mara moja tu, mjukuu wangu," aliniambia, "halafu ninyamaze vizuri."

Nikamwambia, Bibi, hilo dogo. (Huu mdomo wangu, jamani.)

Na kweli mawingu kwa sisi mafundi si shida, unatundika kitambaa cha kijani nyuma ya mtu, unampiga video, halafu kwenye kompyuta unaiamuru rangi yote ya kijani iondoke na mahali pake unaweka unachotaka, mawingu, bahari, hata Ulaya. Shida ilikuwa kamera. Ya kwangu ilikuwa imezeeka, ukiikuza picha inakuwa chengachenga na ukingo wa nywele za mtu unatoka umetafunwa, na akina mama walitaka picha safi ya kuonyeshwa kwenye shuka kubwa kanisani. Basi wakauza maharage yao, wakanikabidhi hela ninunue kamera ya kwaya, isiwe ya bei ya kutisha lakini iwe nzuri, wakasema wewe ndiye unayejua.

Nikavuka mpaka wa Tunduma kwa miguu asubuhi moja, nikaenda Nakonde kwa mama mmoja Mzambia anayeuza kamera mpya na zilizotumika. Akanikaribisha, mwaiseni, mwaiseni, nikakaa, nikamweleza shida yangu yote hadi kifua cha Bibi. Akanisikiliza vizuri, akaniwekea kamera mbili mezani, bei zao zinakaribiana. Moja ilikuwa ndogo, imechubuka pembeni, haina mkanda. Nyingine mpya kabisa, nyeusi, lenzi nene kama chupa ya chai, ina kibandiko cha dhahabu kimeandikwa 4K, ile namba ya ukubwa wa picha.

Nikanyoosha mkono kwenye ile ya dhahabu. Yule mama akacheka kidogo, akanirudisha. Akasema hii kubwa inapiga picha ndogo halafu inaivuta kama unga wa chapati ili ifike kwenye hiyo namba, na ukiivuta hivyo rangi zinaingiliana, mtu na kitambaa vinashikana pembeni. Hii iliyochubuka, akasema, picha yake kubwa ni kubwa ya kweli, na kila rangi inakaa mahali pake. Akaongeza na ushauri wa bure, watu wasimame hatua kadhaa mbele ya kitambaa na kitambaa kiwe cha kijani kimoja.

"Mune, rafiki yangu, kwa kijani chukua hii ndogo," akasema. "Ile kubwa ni ya kuvaa."

Sasa nikisema nilidanganywa nitakuwa mwongo, nilielewa kila neno. Lakini nilivyokuwa nimesimama pale, malori yananguruma nje, vumbi limejaa jua, akili ikaniondoka taratibu ikapanda milima peke yake, nikajiona nashuka kwenye bodaboda mbele ya kanisa la Ibaba, ile kamera kubwa inaning'inia kifuani, akina mama wametoka mlangoni, mama yangu anatembea kwa namna ile ya mtu mwenye mwana, na mwenyekiti wa kwaya, Baba Ambakisye, ambaye kamera yangu ya zamani aliwahi kuiangalia akauliza "ndiyo hiyo?", safari hii anavua kofia. Nikaiona mpaka ile kofia. Yaani niliichagua kamera kwa ajili ya watakaoitazama yenyewe, picha nikaona zitajipanga huko mbele. Nikalipa, nikasema natotela, asante ya kwao, nikarudi Tunduma naelea.

Na Baba Ambakisye alivua kofia kweli, hilo naomba liandikwe.

Tukapigia video kwenye kile chumba cha wazee wa kanisa, na kumbe ni kidogo, na kitambaa changu nilichonunua Tunduma kikatosha kwa wanawake tisa tu, na wao ni kumi na wawili. Tukashonea kitambaa cha meza cha kijani pembeni, bado. Bibi Subilaga, ambaye hawezi kusimama muda mrefu, tulikuwa tumemkalisha kwenye kiti pale mwisho kulia, nyuma yake ukuta mtupu. Akasema mwenyewe kwa sauti ya chini kwamba kitandani kwake kuna blanketi la kijani, likaletwe. Likaletwa, zito, kijani cha majani ya viazi, likatundikwa, akaliegemea. Kijani cha aina tatu ukutani. Akina mama wamevaa sare ya satini ya zambarau inayong'aa, na kwa ule ufinyu wamekigusa kitambaa kwa migongo, na mimi nikimkumbuka yule mama wa Nakonde nikimsahau papo hapo, maana kwenye kioo cha kamera, ambacho ni kama kiberiti, mambo yalionekana mazuri mno. Kitu kimoja tu nilifanya sawasawa, sauti niliirekodi kwa simu niliyoiweka mapajani kwa Bibi. Aliimba, jamani. Aliimba ubeti wote wa tatu bila kupumzika, na alipomaliza mama yangu akageukia ukutani.

Nikarudi Mpemba kuitengeneza. Mvua haikuwepo, ni mwezi wa saba, upepo tu unagonga mabati, na mimi nimeweka mawingu yangu yanapita polepole, nimevaa vipokea sauti, naisikiliza ile sauti nusu nimelala. Kitambaa kikaondoka. Blanketi likagoma. Nikaiambia kompyuta ongeza, ondoa na kijani kinachofanana na hiki, likagoma, nikaongeza, likagoma, nikaongeza hadi mwisho, likaondoka. Niliona mabega ya akina mama yamekuwa laini laini, nikasema moyoni sawa, huko juu nani ana mabega makali. Bibi sikumwona vizuri kwa sababu kompyuta yangu ina doa jeusi kona ya kulia, iliwahi kukaliwa na mtu, nikasema Bibi yupo, atakuwa nyuma ya doa.

Siku ya mavuno kanisa lilijaa, magunia ya mahindi na maharage mbele ya madhabahu, mchungaji mgeni, madirisha yamezibwa kwa mikeka ili giza liwepo, shuka jeupe limetundikwa, na Bibi Subilaga benchi la mbele kabisa, amevaa ile sare ya zambarau, mikono juu ya fimbo. Nikawasha projekta niliyoazima. Mawingu yakajaa ukuta mzima na watu wakavuta pumzi, na mimi nikafumba macho kidogo kuonja.

Nilipofumbua, kwenye mawingu kulikuwa na vichwa kumi na moja na mikono ishirini na miwili.

Ile satini ilikuwa imevuta kijani cha kitambaa, na kompyuta niliyoiambia ondoa kila kinachofanana ikawa imetii. Vifua hakuna, matumbo hakuna, mawingu yanapita katikati ya akina mama, na vile vichwa vimechengachengeka pembeni, midomo inafunguka, mikono inapiga makofi peke yake hewani. Mama yangu alikuwa shingo kwenda juu. Kuna aliyecheka, akanyamazishwa. Mzee mmoja alichukua kofia yake akatoka bila kuaga. Na ubeti wa tatu ulipofika, ile sauti ikaja, nzito, safi, imejaa kanisa, mpaka magunia naamini yaliisikia, na pale mwisho kulia inakotoka hapakuwa na mtu, maana blanketi aliloliegemea lilikuwa limemtia kijani hadi usoni. Palikuwa na mawingu, na kitu kidogo kinachong'aa, ambacho baadaye nilijua ni ukingo wa miwani.

Bibi aliinamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Akavua miwani akaifuta kwa khanga, akaivaa tena. Halafu akageuka taratibu akanitafuta mimi kwenye lile giza.

"Lugano, mjukuu wangu," akasema, wala si kwa hasira, "mimi niko wapi?"

Nilisimama nimeshika waya, sauti yake inaendelea kuimba juu ya kichwa changu, nikatoka kupitia mlango wa pembeni nikaenda kukaa nyuma ya kanisa kwenye matofali. Nililia, msicheke. Alinifuata kwa fimbo yake, akachukua muda mrefu kufika, akasimama hadi pumzi ikamrudia. Hakunigombeza. Aliniambia amejisikia, na ni vizuri, hakujua kama anaimba hivyo. Ila akauliza, kama mtu anayeulizia njia, kama ndivyo itakavyokuwa, sauti ibaki na yeye asiwepo. Heri angenichapa ile fimbo.

Kesho yake niliamka alfajiri nitoroke kabla watu hawajatoka. Ile kamera ya kuvuliwa kofia niliitia kwenye kiroba na nyaya zangu, nikapita nyuma ya nyumba kama mwizi wa kuku. Kwenye kona ya kwa Bibi Subilaga nikasimama.

Bonde halikuwepo. Mnajua kule kwetu asubuhi za mwezi wa saba, ukungu unalala chini mpaka vilima vinabaki vichwa tu, na jua likigusa, unakuwa mweupe hadi macho yanauma. Mimi nimezaliwa pale, nimeuona huo ukungu maisha yangu yote, na kwa sababu hiyo sijawahi kuuona. Na Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wake, kikombe cha chai mikononi, amejifunga khanga mbili, anatetemeka kidogo, na nyuma yake na chini yake ni mawingu, hadi mwisho wa macho.

Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwomba aimbe. Akajaribu, kikaja kikohozi, akatikisa kichwa, akasema yote aliyamaliza siku ile pale kwenye kiti. Basi nikamwomba akae tu hivyo hivyo. Nikaitoa kamera kwenye kiroba. Akapuliza chai yake, akayatazama mawingu, kuna kitu akakikumbuka akatabasamu, akanywa. Hapakuwa na kitambaa wala cha kuondoa, na hata kamera ya kuvaa haiwezi kumkosa mtu aliyekaa kwenye mwanga namna ile.

Nikayaunganisha. Ile sauti ya simu, na ule uso usioimba. Ilinichukua wiki tatu kwa sababu ya woga tu, kisha nikapanda nayo Ibaba, tukaiangalia kwenye televisheni ya mama sebuleni, mimi na mama na yeye. Sauti ikaja, na yeye yupo, mzima, na mabega yake yote, anakunywa chai juu ya mawingu. Ilipoisha akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Mama akanishika goti.

Kamera niliiuza, nikaongeza hela ya kazi zangu nikawanunulia akina mama ile ndogo iliyochubuka (yule mama wa Nakonde hakunicheka, alinitazama tu, na ilitosha). Na nimeapa sitachagua tena kamera nikiwa najiona mimi ndani ya kioo cha duka. Mkija kuniuliza ipi nzuri na bei nafuu, nitawauliza kwanza mnataka kumpiga nani na atakaa wapi, msinione nina maswali mengi.

Ila siku ile hamjaisikia yote. Tulipoizima televisheni, Bibi akapangusa macho, akaniita karibu, nikapiga magoti nikijua nabarikiwa.

"Sasa nimejiona," akasema. "Naomba basi unirudishie blanketi langu."

Lilikuwa Mpemba, limetundikwa ukutani kwangu pamoja na vile vitambaa vya kazi, nilivyoondoka navyo vyote siku tuliyopiga video. Na baridi ya Ibaba mwezi wa saba mnaijua.