Nyumba Isiyo ya Mkwe

Mama yangu hakuwahi kulala kwangu. Si kwamba tuligombana, wala mume wangu hana roho mbaya. Ukweli ni kwamba anampenda mama kuliko ninavyompenda mimi siku mama akinikosoa mapishi. Ila kwetu mama halali kwenye nyumba ya mkwe wake. Alikuwa anakuja Dodoma, anapokea shikamoo ya mkwe akiwa ameangalia pembeni, anakula kidogo, na jua likianza kupungua makali anaulizia basi la Kongwa ili arudi kwake Mlali. Nilikuwa nimeshazoea, mpaka macho yake yalipopata mtoto wa jicho.

Daktari alisema upasuaji wenyewe si mkubwa, lakini akimaliza lazima abaki mjini wiki nzima, atiwe dawa na jicho likaguliwe. Mama alisikiliza kwa heshima zote, akashukuru, na tulipotoka nje akaniambia, "Basi tuache tu. Wiki nzima nitalala wapi?"

Nikataja gesti. Aliwahi kulala gesti mara moja, akakaa kwenye kiti mpaka kukakucha kwa sababu hakujua jana yake kitanda kile kililaliwa na nani. Nikataja kujenga chumba cha uani. Akauliza, "Kwa matofali ya nani?" Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka pale pale kwenye geti la hospitali. Mtu mzima anakubali kupofuka kwa ajili ya adabu! Lakini ndiye mama yangu, na kichwa kigumu nilichonacho nimekitoa kwake.

Mume wangu ni fundi wa pampu za maji. Wiki ile alikuwa na kazi Mtera, na Jumamosi akarudi na picha kwenye simu. Ilikuwa karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, imeachwa kwenye yadi na mkandarasi aliyemaliza barabara. Ndani ina kitanda, meza, kabati na kisinki.

"Haina msingi, haina tofali," akasema. "Ukiinunua wewe, kwa hela yako ya cherehani, ni nyumba ya mwanawe. Mimi sitatoa hata senti."

Nilimrukia nikamkumbatia mbele ya jirani aliyekuja kuomba chumvi. Jirani akaondoka bila chumvi.

Nashona sare za shule, na kikoba chetu cha akiba kilikuwa kimetoka kugawana. Hela niliyokuwa nayo ingetosha ng'ombe wawili wenye afya ya mashaka. Jumatatu tulikuwa Mtera, mimi nimevaa kama naenda kuposwa.

Karavani yenyewe ilikuwa na umri wangu au zaidi. Rangi yake ya maziwa ilikuwa imekuwa ya chai, na kuku walikuwa wametagia kwenye sinki. Mlinzi wa yadi, ambaye pia ndiye aliyekuwa dalali, alituambia kila kitu ni kizima, hata vitu ambavyo havikuwepo. Nami nilikuwa nimeshaipenda, na nikajua nikionyesha meno nimekwisha. Nikanuna. Nikabonyeza kuta kwa kidole gumba kutafuta palipolainika, nikarukaruka sakafuni mpaka mguu mmoja ukazama kwenye ubao uliooza karibu na mlango. Mume wangu akalala chali chini yake, akagonga vyuma kwa spana, akasema kutu ni ya juu juu tu. Matairi yalikuwa na meno mazuri lakini yamepasuka pembeni kwa jua.

Kilichobaki ni paa. Kiangazi chote mvua hakuna, na muuzaji alilijua hilo vizuri sana. Nikaomba ndoo. Nikajifungia ndani, mume wangu akapanda na maji, akamwaga. Nikasikia maji yanapita juu, kisha tone moja likanipata katikati ya kichwa, likafuatwa na wenzake. Nilianza kucheka peke yangu mle ndani, nikashindwa kujizuia. Nilipotoka na kilemba kimelowa, mlinzi akashusha bei kabla sijafungua mdomo. Mume wangu nikamkataza hata kumnunulia mtu soda.

Tulikodi pikapu yenye ndoano ya kuvutia. Njia nzima nilikaa nimegeuka nyuma, naiangalia inavyotufuata, na kila ikiruka tuta nami naruka. Kijiji kimoja tuliposimama kupoza tairi, akina mama wakaanza kutoka majumbani na watoto mgongoni. Mmoja akaja na kadi ya kliniki mkononi, akauliza chanjo inaanza saa ngapi. Nikamweleza kwamba hii ni nyumba ya mama yangu. Akaizunguka taratibu, akachungulia dirishani, akauliza mama yangu amekosa nini mpaka apewe nyumba ya kukimbia nayo. Dereva alicheka mpaka akashindwa kuondoa gari.

Nyumbani nilifanya kazi kama mwenye harusi. Nilinunua ubao wa sakafu, nikapaka lami kwenye nyufa za paa, nikamwaga ndoo tatu na nisipate tone. Pazia nilishona kwa kitambaa cha sketi za shule kilichobaki, chenye marinda kabisa. Magurudumu tuliyatoa, tukaikalisha juu ya mawe ili isimtikise mama akijigeuza. Godoro langu, shuka zangu, hata msumari wa kutundikia kanga ulikuwa wangu.

Mume wangu alikuwa anazunguka pembeni akiumia. Ni mtu wa mikono yule, kukaa bila kugusa kitu ni adhabu. Siku moja akaweka kiganja chake kwenye ukuta wa karavani saa nane mchana, akakiondoa haraka. "Mama ataungua humu," akasema. Akasimamisha nguzo nne, akapiga kenchi za kubebea paa, akaezeka bati jipya juu ya karavani nzima, banda zuri la kivuli. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Hata nilimsifia.

Mama alikuja siku moja kabla ya upasuaji. Nilimshika mkono kutoka getini, namweleza mfululizo bila kupumua: nimenunua mimi, nimeshona mimi, mkwe hajatoa hata shilingi. Mama alikuwa anatabasamu. Akapapasa ukuta, akapapasa pazia, akahesabu marinda kwa vidole. Kisha akainua uso juu.

"Hili bati la juu kaliweka nani?"

Nyuma ya jiko nikasikia mume wangu anakohoa.

"Mkwe," nikasema.

"Basi hii ni nyumba ya mkwe," mama akasema kwa upole, "umeiwekea nyumba nyingine ndani." Akainama akatafuta mfuko wake. Basi la mwisho lilikuwa halijaondoka, na hospitali walikuwa wanamtarajia asubuhi.

Kuisukuma karavani nje ya banda haikuwezekana, magurudumu yalikuwa stoo na matairi hayana upepo. Nilikuwa namwomba mama asubiri, hata sijui nilikuwa naomba asubiri nini, nikasikia ngazi inagonga nguzo. Mume wangu alikuwa ameshapanda na nyundo.

Sasa kukatokea tatizo jingine, maana mama hawezi kumtazama mkwe, sembuse mkwe aliye juu ya kichwa chake amekunja suruali. Nikamwekea kiti, akakigeuza kielekee barabarani, akakaa na mfuko mapajani, mgongo kwetu.

"Mwambie mkwe aanze na bati la mwisho, ndilo linalolalia mengine," akasema.

Nikamwambia. Mume wangu, juu, alikuwa amesikia kila neno, lakini akangoja nimalize. "Mwambie mama nimesikia."

"Mama, amesikia."

"Mwambie asiweke misumari mdomoni."

Kweli alikuwa nayo mdomoni. Akaitema.

Majirani wakaanza kuja, kwanza yule wa chumvi, kisha wengine, wanapokea mabati na kuyarundika uani. Hakuna aliyeuliza sababu. Walipomwona mama amekaa vile, walielewa. Walicheka lakini, wakamtania mume wangu kwamba ndiye fundi wa kwanza kujenga bure na kubomoa bure. Mabati yote yaliposhuka, jua likapiga paa la karavani. Nikamgusa mama bega.

Akainuka, akaangalia juu, kisha chini kwenye kiwanja cha mkwe. "Ardhi ni ya Mungu," akasema, kama anayetoa hukumu, akapanda ndani, akafunga mlango.

Tulibaki tumesimama uani, mume wangu na nyundo yake, hakuna anayethubutu kusogea. Baadaye kidirisha kikafunguliwa.

"Hapa hakuna chai?"

Nilipiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Mume wangu alikaa chini kwenye rundo la mabati akajifuta uso. Jirani wa chumvi akaleta turubai lake tukafunika paa, maana la jirani halina ubaya.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mama alirudi na jicho limefungwa bandeji, akala, akanitaka nimwache apumzike. Jioni ile tukiwa mezani, mume wangu akajifunika kanga yangu, akageukia ukutani, akaanza: "Mwambie mkwe asiweke misumari mdomoni." Nilicheka mpaka nikateremka kwenye kiti.

Asubuhi nikaenda na uji. Nikasimama kwenye mlango wa karavani, uani kwangu mwenyewe, nikabisha hodi.

"Karibu kwangu," mama akajibu.

Alikuwa ameketi kitandani, shuka zimeshatandikwa. Akapokea kikombe. "Jana mlikuwa mnacheka nini?"

"Mambo tu, mama," nikasema, na uso ulikuwa unawaka.

"Niliwasikia mpaka usingizi ukanichukua." Akapuliza uji. "Tangu uolewe mimi naondoka hapa jua bado lipo. Nikifika Mlali, giza likiingia, nakaa najiuliza huyu mwanangu saa hizi anaishije na yule bwana. Na wewe ningekuuliza ungesema vizuri tu."

Nilikaa kando yake kitandani. Mama akanywa funda moja, akanirudishia kikombe, akasema niongeze sukari.